Mwiko wa Ngege

Kwa mama mkwe wangu samaki hakataliwi. Nyama unaweza kuiacha ukasema umeshiba, maharage unaweza kuyasukuma pembeni ya sahani, lakini ngege aliyetoka bwawani mwake, akapikwa kwa mikono yake na kulazwa juu ya ebitoke, ndizi za kupika za kibanja chake, huyo ukimwacha umemkataa yeye mwenyewe. Hilo nililijua tangu wiki ya kwanza nilipoolewa, nikatoka Buhembe, mjini Bukoba, nikaja huku Muleba, upande wa Ijumbi, kukaa kwa wakwe na kufundisha kemia na biolojia kwenye sekondari ya kata. Ngege ni yule ambaye vitabu vyetu vya shule vinamwita sato. Nyumba ile hakuna aliyemwita sato isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe niliacha baada ya kuchekwa.

Bwawa lilichimbwa na marehemu baba mkwe chini kabisa ya kibanja, pale migomba inapokwisha na bonde kuanza. Mzee alipofariki, mama mkwe akalichukua bwawa likawa mali yake ya moyoni. Jioni alishuka na pumba na majani ya magimbi, akagonga kopo kwa kijiko, na samaki wakapanda juu kumpokea. Nilimwonea wivu kidogo. Wanafunzi wangu hawajawahi kuitikia kengele kwa furaha ile.

Juu ya bwawa, nyuma ya mibuni, shemeji yangu mkubwa alikuwa na kibanda cha kazi. Shemeji ndiye musika, yaani mrithi wa nyumba. Kibanja ni chake, na vyumba vitatu tulivyojenga mimi na mume wangu vimesimama pale kwa ruhusa yake. Kazi yake ni kununua betri chakavu za magari, za pikipiki na za sola, kuzivunja kwa shoka, kuyeyusha yale madini ya ndani kwenye sufuria nzito ya chuma, na kuyamimina katika kalibu za udongo ili yawe vizito vidogo vya kufunga kwenye nyavu zipate kuzama. Wavuvi walimfuata kutoka mialo ya mbali, maana vizito vyake havikatiki. Maji ya betri aliyamwaga kwenye mtaro, na majivu pia, na mvua ya Kagera si mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka. Mtaro uliteremka hadi bwawani.

Nilikuwa na mimba nilipoanza kuona mikia. Kupaa samaki ilikuwa kazi yangu, kama mkaza mwana wa nyumba, kwa hiyo walinipitia mikononi wote. Baadhi yao mkia ulikuwa mweusi kuanzia nusu ya mwili kurudi nyuma, weusi usiofutika kwa kisu wala kwa chumvi. Wengine mgongo ulikuwa umepinda, samaki mzima amekaa upande kana kwamba anachungulia kona. Nikamwonyesha mama mkwe.

"Wamevaa soksi," alisema akicheka. "Ngege wa kisasa hao, mwana wange."

"Na huyu aliyepinda?"

"Huyo alilala vibaya. Mpae tu, kwenye sufuria atanyooka."

Nilicheka naye, maana ni mama mcheshi na ukikaa naye unacheka hata usipotaka. Lakini nilikuwa nimefundisha mada ya uchafuzi wa maji ubaoni mara nyingi kiasi kwamba sikuweza kujidanganya. Mwenzangu tuliyesoma naye chuo, ambaye kazi yake ni kupima samaki huko Mwanza, alipita kwetu safarini, nikampa samaki kadhaa wabichi waliofungwa kwenye barafu. Baada ya muda akanipigia simu. Hakunisalimia vizuri. Aliniambia ni risasi, tena nyingi, na kwamba tusiwale kabisa, hasa vichwa, matumbo na mifupa ambako madini hayo hujikusanya, na hasa mimi mwenye mimba, na hasa mtoto atakayezaliwa, kwa sababu risasi huingia kwenye ubongo wa mtoto ikakaa humo.

Jioni ile ile nikalisema wakati wa kula. Sikutaka kungoja. Mume wangu, dereva wa malori ambaye nyumbani alikuwa mgeni kuliko wageni, hakuwepo. Shemeji pia hakuwepo. Nilikuwa mimi na mama mkwe na sufuria katikati yetu.

"Mama, samaki hawa wamepimwa. Wana risasi."

Aliacha kutafuna. "Waitu! Nani kawapiga?"

Nikaeleza. Nilisema si risasi ya bunduki, ni madini, ni metali nzito. Akauliza kama ni nzito basi mbona samaki mwenyewe mwepesi vile kwenye mizani. Nikasema uzito huo si wa mizani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mwalimu, na kadiri nilivyokuwa mwalimu ndivyo alivyozidi kufurahi, akapangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Kiswahili cha mama mkwe alikipata darasani miaka mingi iliyopita na kukiacha huko huko. Kwake risasi ilikuwa kitu kimoja tu, kile kinachotoka kwenye mtutu. Shemeji mwenyewe, aliyeishika kila siku, hakuiita risasi. Aliita chuma laini.

Neno lingine lilikuwepo, na nililijua: sumu. Hilo lingeeleweka mara moja. Lakini mke wa nyumba akisimama mbele ya sufuria ya mama mkwe wake akasema sumu, huyo hajazungumzia samaki, amemwita mama wa watu mchawi, na hata akirudishwa kwao hakuna atakayeuliza kwa nini. Kwa hiyo nililimeza.

Alhamisi iliyofuata mama mkwe akaipeleka hadithi kwenye jumuiya kama mzaha. "Mkwe wangu msomi anasema ngege wangu wamepigwa risasi," aliwaambia. Wakacheka baada ya sala. Ila mzaha una miguu, na wakati ule majambazi wa ziwani walikuwa wanapora injini za wavuvi kwa bunduki, watu walikuwa na hofu. Hadithi ilipofika kwa mwenyekiti wa kitongoji, ngege walikuwa wameshatoka ndani yake, zimebaki risasi na bwawa. Mgambo wakaja na askari wawili. Walichimba kibandani mwa shemeji, wakakuta vile vizito vimerundikwa kwenye debe, vya kijivu, virefu, vya ukubwa wa kidole, na kwa macho ya mtu anayetafuta risasi kwa kweli vilifanana. Walimchukua. Alirudi kesho yake na jicho limevimba, akapita mbele yangu nilipokuwa ninaanua nguo, hakunisalimia.

"Mwalimu," alisema mgongo ukiwa kwangu, "kuanzia leo neno lile lisitamkwe kwenye kibanja changu."

Si kwamba nilimchukia. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyoshinda. Amepigwa kwa ajili ya risasi ambazo hana, na zile alizonazo hakuna aliyeziona! Mume wangu aliporudi nilimweleza yote kitandani. Alisikiliza, kisha akasema kaka yake ndiye musika, na mtu aliyekuepusha kulala nje huwezi kumwambia azime moto wake. Akaniomba tu nitulie mpaka mambo yapoe. Mambo ya kwetu hayapoi, yanafunikwa.

Nikabaki na samaki mbele yangu kila siku. Ilikuwa Kwaresima, na familia ya mume wangu ni Wakatoliki wasiokosa hata Ijumaa moja, kwa hiyo ngege walipikwa zaidi ya kawaida. Mimi nilizaliwa Mlutheri. Mama mkwe alipoona ninachokonoa sahani, aliniuliza kwa upole kama Walutheri wamekatazwa samaki. Nilikuwa nimechoka, nina kichefuchefu, mtoto anageuka tumboni, na ndipo likanitoka.

"Mama, ngege ni muziro kwetu."

Kwa asiye wa huku, muziro ni mwiko wa ukoo, kiumbe ambacho ukoo fulani haukili tangu mababu. Wetu wa kweli ni pongo, mnyama ambaye sijawahi hata kumwona. Mama mkwe aliujua, akaniambia hivyo. Nikasema pongo ni wa ukoo mzima, ila nyumba yetu ina wa pili, tangu dada yake babu alipokufa utotoni kwa mwiba wa ngege. Hadithi ilinijia nzima nzima, na machozi juu. Dada yake babu hakufa kwa mwiba. Sidhani hata kama babu alikuwa na dada.

Nilitegemea maswali. Badala yake alishika mdomo, akaondoa sahani mbele yangu, akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kunigusa bega. "Kwa nini ulinyamaza, mwana wange? Nimekulisha muziro wako!" Jumamosi alikwenda sokoni akarudi na sufuria ndogo mpya na mwiko wa mti, vya kupikia chakula changu peke yangu, visikutane na samaki. Mume wangu alicheka akasema mama amenunua mwiko kwa ajili ya mwiko. Mimi sikucheka. Elimu yangu yote ilikuwa imeshindwa kupita mlango ule, na uongo mmoja umepita umevaa viatu.

Miezi ile ndiyo pekee niliyopumua. Ngege walipopikwa, mimi nilipikiwa maharage kwenye sufuria yangu. Wageni walipokuja mama mkwe aliwaeleza muziro wangu kabla hata hawajakaa, kwa sauti ya kunilinda. Yeye alikaa kwenye mkeka wake mkabala nami, akiwagawia wengine minofu na kubaki na vichwa, kama wanavyofanya mama wa nyumba za huku, akinyonya mfupa mmoja mmoja. Binti yangu alizaliwa, nikamnyonyesha, sikumpa kitu kingine. Nilijiona mjanja.

Alipofika umri wa kulishwa, nilirudi kutoka shuleni alasiri moja nikamkuta kwenye mapaja ya bibi yake. Kando kulikuwa na bakuli la ebitoke vilivyopondwa na mchuzi mzito wa kijivu. Mama mkwe alikuwa amechemsha vichwa na mifupa ya ngege kutwa nzima kwa moto mdogo mpaka vikalainika, akavisaga kwa jiwe, akachuja. Mtoto alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

"Mama!" nilisema. "Muziro!"

Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyesahau jina lake. "Muziro ni wenu. Mtoto ni wetu." Akampa kijiko kingine. "Mtoto hafuati ukoo wa mama. Huyu kwake ngege ni chakula. Kichwa cha samaki kinaongeza akili, na wewe mwalimu hutaki akili?"

Nilikuwa nimezaliwa na kukulia huku huku Kagera, ninajua kama kila mtu kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilipotunga uongo wangu sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilijijengea ukuta wa mtu mmoja. Nilisimama na begi la shule begani, na nisingeweza kusema lolote, maana kila neno nililonalo lilikuwa limeshafungwa: risasi ilikuwa marufuku, sumu ilikuwa tusi, na muziro ulikuwa umeshajibiwa.

Nikaanza kuhangaika kama panya aliyenaswa. Nilinunua dagaa wa ziwani sokoni nikasema nataka mtoto ale hao. Mama mkwe akashukuru, akawapa kuku. Nilimpeleka binti kwa wazazi wangu Buhembe kwa kisingizio cha kikohozi, nikakusudia akae mpaka atakapokua. Haikupita muda shemeji akatuma neno kwamba mtoto wa nyumba yake halelewi ujombani, na mume wangu akaenda kumchukua. Niliomba uhamisho wa kazi, nikajibiwa walimu wa sayansi hawatoshi. Kumpima damu nilitaka, nikauliza hospitali, nikaambiwa kipimo hicho huku hakipo, nijaribu miji mikubwa, na mganga aliyeniambia alikuwa anatazama saa ya ukutani. Shuleni nilifundisha nikiwa ninahesabu mtoto yuko wapi na bakuli liko wapi. Nyumbani nilimchunguza. Akichelewa kugeuka akiitwa, moyo ulinipasuka. Akigeuka haraka, nilijiambia mbona anashtuka hivi.

Mama mkwe wakati huo alianza kulalamika tumbo linamsokota na vidole vinakufa ganzi asubuhi. Tulisema ni umri. Mimi pia nilisema ni umri, nikamnunulia dawa ya kuchua.

Binti alikuwa anatembea na kuita watu kwa majina yao alipokuja baba yangu kumtembelea. Mama mkwe alihangaika tangu asubuhi. Alichinja jogoo, akapika kwenye sufuria yangu kwa mwiko wangu, akafungia samaki chumba cha ndani ili hata harufu isimfikie mgeni. Alipomwekea chakula alipiga magoti kwa heshima zote.

"Mzee, kula bila wasiwasi. Sufuria hii haijawahi kuguswa na ngege."

Baba alishangaa. "Ngege? Kwani mnao ngege?"

"Tunao, ila tumewaficha. Tunajua."

"Mnaficha ngege, mimi nimepanda basi kutoka Bukoba!" Baba alicheka mpaka akakohoa. "Leteni, mama. Kwetu ngege tunamgombania. Huyu mwanangu alikuwa anaiba kichwa sufuriani."

Mama mkwe hakunitazama. Alinyanyuka, akaingia ndani, akaleta samaki, akamwekea. Na mimi nilikaa pale nikamtazama baba yangu mzazi akila samaki mwenye mkia mweusi, nikiwa na maneno yote ya kumzuia na nisiweze kulitoa hata moja mbele ya shemeji aliyekuwa amekaa mlangoni akichokonoa meno. Baba alisifu mchuzi. Aliomba kuongezewa.

Tulimsindikiza hadi barabarani, akapata bodaboda, akapunga mkono. Tukarudi tukiwa wawili. Shemeji alikuwa ameondoka kwenda mwaloni. Jikoni mama mkwe alikaa kwenye mkeka wake, na mtoto akaja kukaa mapajani mwake, na bakuli la jioni lilikuwa tayari limewekwa kando ya mafiga.

"Kwa hiyo ngege si muziro wenu."

"Si muziro wetu, mama."

"Unaogopa nini kwenye samaki wangu?"

Nikamwambia. Safari hii sikufundisha. Nilisema kwa Kihaya changu cha mjini, kibovu, chenye mashimo: betri, maji yake, mtaro, mikia, vichwa, akili ya mtoto. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja, kwa Kiswahili.

"Ni sumu?"

"Ni sumu, mama."

"Na siku ile kwa nini hukusema hivyo?"

"Ningewezaje? Chakula ni chako."

Alitikisa kichwa taratibu, alinielewa, na nilijua amenielewa kabisa. Mtoto alinyoosha mkono kwenye bakuli. Mama mkwe akaushika ule mkono, akaurudisha, akalifunika bakuli kwa sahani na kulisukuma mbali nyuma yake. "Huyu hali tena," alisema. "Na huko juu kibandani nitasema mimi. Nilimzaa mimi." Nikakaa chini palepale kwenye majivu. Kitu nilichokuwa nimekihangaikia tangu mimba kilikuwa kimekwisha kwa sentensi mbili za bibi mmoja. Nilianza kumshukuru, nikasema mwakola, mama, mwakola, nikilia na kucheka.

Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaangalia sufuria yangu ndogo, halafu mkeka wake, halafu mahali ninapokaa siku zote tunapokula. Alivikunja vidole vyake na kuvikunjua.

"Miaka yote hii," alisema, "ulikuwa unakaa hapo na maharage yako, unanitazama nikinyonya vichwa."

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. Nikamwambia ndiyo.